Kamati ya jedwali la samaki: nani aongeze safu, nani azuie

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasimamia takwimu za samaki wanaoshushwa kwenye madiko ya Moa, Sahare, Tongoni na Kigombe, kwa niaba ya umoja wa vikundi vya wavuvi hapa Tanga. Jedwali tulilolitunga wenyewe sasa linatumiwa pia na wenzetu wa Pemba, na wa Vanga na Shimoni upande wa Kenya, na kila mwezi tunatoa ripoti moja ya pamoja. Tatizo ni kwamba kila baada ya muda mtu anaongeza safu yake au anabadili iliyopo, na mafaili hayaunganiki tena. Wenzetu wa Kenya wanataka tuunde kamati ya nchi mbili. Wanasema ndivyo wanasayansi wakubwa wanavyofanya. Baadhi yetu tunaogopa kwamba kamati itatunyang'anya jedwali tulilolianzisha, wengine wanasema itatuchelewesha tu. Huko kwa wakubwa mambo haya yanaendeshwaje? Nani apige kura? Na mafaili ya nyuma tuyarekebishe au tuyaache? Nimeambatanisha mafaili mawili uyaone.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Undeni kamati, na muiunde sasa, kabla jedwali halijafika kwa watu wengine zaidi. Ila naona mnaijadili kama chombo cha kuamua nini kiongezwe. Mimi naomba muione kwanza kama mlinzi wa kile ambacho tayari kimeandikwa. Tasi walioshushwa Tongoni miaka sita iliyopita walishaliwa siku ileile. Kilichobaki duniani kuhusu samaki wale ni mstari mmoja kwenye jedwali, na mstari huo hauna wa kuutetea mtu akiamka asubuhi na kubadili maana ya safu yake. Kamati iwe ndiye mtetezi huyo. Kuongeza mambo mapya ni kazi yake ya pili.

Nianze na wanaastronomia, kwa sababu wameishi na muundo mmoja wa data kwa zaidi ya miaka 40. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kila kituo cha darubini kilikuwa na namna yake ya kuandika picha kwenye tepu za sumaku, na tepu ya kituo kimoja ilikuwa haisomeki kwenye kompyuta ya kingine. Don Wells, Eric Greisen na Ronald Harten wakatunga muundo unaoitwa FITS, ukachapishwa mwaka 1981. Mwaka 1982 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia (IAU) ukauunga mkono, na mwaka 1988 ukaunda kikundi kazi cha kuusimamia. Tazama mfuatano wake: watu wachache walitunga, wengine wakatumia, kamati ikaja baadaye. Waliotunga hawakupoteza chochote. Majina yao yanatajwa hadi leo kila historia ya FITS inapoelezwa, na muundo wao umeishi kupita kiwango ambacho wao peke yao wangeweza kuutunza.

Kanuni kuu ya kikundi hicho ni kwamba faili lililowahi kuwa halali chini ya FITS litabaki halali daima. Badiliko lolote litakalofanya faili la zamani lisisomeke halipiti, hata likiwa zuri kiasi gani.

Kanuni hiyo ilipata mtihani wake kwenye tarehe. FITS ya mwanzo iliandika siku, mwezi, na tarakimu mbili tu za mwaka: 03/04/87. Mwaka 2000 ulipokaribia, kila mtu aliona shida inakuja. Mwaka 1997 kikundi kazi kilipitisha namna mpya, mwaka ukitangulia kwa tarakimu nne: 1987-04-03. Wangeweza kuagiza vituo vyote duniani vipitie mafaili yao na kuyasahihisha. Hawakuagiza. Waliamua namna ya zamani iendelee kuwa halali, lakini isomwe kuwa ni ya miaka ya 1900 hadi 1999 tu. Programu ikikuta mkwaju (/) inajua ni tarehe ya zamani. Ikikuta kistari (-) inajua ni mpya. Hakuna faili lililoguswa, na hakuna tarehe iliyogeuka maana.

Nimeeleza hili kwa kirefu kwa sababu mafaili yako mawili yana ugonjwa huohuo, kwenye safu ya saa. Faili la Sahare linasema ngalawa ilirudi 2:00. Karani aliyeandika kwa mkono alikusudia saa mbili asubuhi, kama sote tunavyohesabu. Faili la pili limejazwa kwa simu, na simu imeandika 08:00. Ni saa ileile, kwenye safu ileile, kwa namba mbili tofauti. Mtu wa Tanga akiangalia ataelewa. Kompyuta iliyoko Ulaya itaelewa kwamba ngalawa ya Sahare ilirudi saa nane usiku, na mtafiti atakayeitumia ataandika kwa kujiamini kabisa kwamba wavuvi wa mishipi wa Tanga wanarudi usiku wa manane.

Usiku nao una shida yake. Wanaovua dagaa kwa taa wanatoka jioni na kurudi alfajiri. Mzee wa Kigombe anahesabu siku kuanzia magharibi, kwa hiyo kwake usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kijana aliyezoea kalenda ya simu anasema usiku wa Ijumaa akiwa na maana ya ule unaofuata baada ya mchana wa Ijumaa. Samaki wa safari moja wanaingizwa tarehe mbili. Kwa mtu anayetaka kujua samaki wanapatikana vipi wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, siku moja ya kukosea inaharibu hesabu yote. Kila aliyeandika alikuwa sahihi kwa hesabu yake, kwa hiyo msitafute mkosaji. Tafuteni mahali pa kuandika ni hesabu ipi iliyotumika.

Kanuni ya wanaastronomia ina gharama, nami sitaki uipokee bila kuijua. Majina ya vipengele kwenye kichwa cha faili la FITS yana ukomo wa herufi nane, urithi wa enzi za kadi za karatasi zilizotobolewa matundu ili kompyuta izisome, na ukomo huo upo mpaka leo. Mwaka 2015 kundi la wanaastronomia lilichapisha makala kueleza mambo ambayo FITS inashindwa kuyabeba, na mengi waliyosema ni ya haki. Hata hivyo darubini ya James Webb, iliyorushwa mwishoni mwa 2021, bado inatoa data zake kwa FITS. Na Maktaba ya Vatikani, ilipotaka kuhifadhi picha za miswada yake ya kale kwenye kompyuta, ilikwenda kuchukua muundo huohuo wa watu wa nyota, kwa ajili ya ile ahadi kwamba faili la leo litasomeka vizazi vijavyo. Nikiambiwa nichague kati ya muundo mzuri unaobadilika kila mwaka na muundo wenye kasoro unaotunza ahadi yake, nachukua wa pili. Kwa data za bahari sina hata haja ya kufikiri, kwa sababu thamani yake huonekana baada ya miaka mingi, wakati walioziandika wengine hawapo tena kazini.

Sasa safu mpya. Hapa ndipo kamati nyingi zinapojiharibia, kwa kutaka kila kitu kipite mezani kwao. Watu wakichoka kusubiri hawaachi kuandika. Wanachukua safu iliyopo wasiyoihitaji na kuijaza jambo lao. Kwenye faili lako la pili, safu ya hali ya hewa ina maneno haya: "baruti imesikika". Nilisimama hapo kwa muda. Karani huyo alikuwa na taarifa kubwa kuliko mvua na jua, kwa pwani ambayo miamba yake imepigwa baruti kwa miongo, na jedwali halikumpa pa kuiweka. Anayetafuta baruti hataitafuta kwenye hali ya hewa, na anayetafuta hali ya hewa atakutana na neno asilolielewa.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) lina dawa ya hili, na imefanyiwa kazi miaka mingi. Muundo wao wa GRIB, ambao vituo vya utabiri hubadilishana nao matokeo ya kompyuta zao, unatumia namba mahali pa majina: namba hii ni joto, ile ni unyevu, nyingine ni upepo. Katika majedwali ya toleo la pili la GRIB, namba 192 hadi 254 zimetengwa kwa matumizi ya nyumbani. Kituo kinaweza kuzitumia kwa jambo lake bila kumwomba mtu ruhusa. Na kwa kuwa kila faili linabeba namba ya kituo kilicholitoa, msomaji anajua 192 hii ni ya nyumba gani. Nanyi fanyeni hivyo. Safu yoyote inayoanza na TNG_ ni ya Tanga, PMB_ ya Pemba, KWL_ ya Kwale, kaunti ya Vanga na Shimoni. Mwenye nyumba anaiongeza anavyotaka, wengine hawalazimiki kuielewa, na hakuna anayeruhusiwa kuifuta faili linapopita mikononi mwake. Safu isiyo na alama ya nyumba ni ya wote, na haiguswi bila kamati. Siku hiyohiyo mtakayokubaliana hili, hoja ya wanaosema kamati itawachelewesha imekwisha, kwa sababu hakuna atakayekuwa anasubiri.

Kwenye majedwali hayohayo namba 255 maana yake ni kwamba taarifa haipo. Hiyo nayo mnaihitaji. Kisanduku kitupu kwenye mafaili yenu kinaweza kuwa na maana tatu: ngalawa haikwenda, au ilikwenda ikarudi bila kitu, au karani alikuwa msibani. Safari iliyorudi bila samaki ni taarifa nzito sana kwa anayefuatilia hali ya bahari, pengine nzito kuliko tenga lililojaa. Ikichanganyika na siku ya msiba, imepotea. Wekeni sifuri kwa aliyekosa na alama nyingine kabisa kwa kisichoandikwa.

Safu ya nyumbani ikionekana kuhitajika na wengi, hapo ipande daraja kuwa ya wote, na hapo ndipo kamati inapofanya kazi ya pili niliyoitaja. Utaratibu ninaoupenda kuliko wote ni wa Darwin Core, orodha ya maneno ya kubadilishana taarifa za viumbe hai. Inasimamiwa na jumuiya ya kimataifa ya TDWG, iliyoanza mwaka 1985, na ilipitishwa rasmi kuwa kiwango mwaka 2009, baada ya kuanza kama kazi ya watu wa Chuo Kikuu cha Kansas miaka kama kumi nyuma yake. Anayependekeza neno jipya anatakiwa kujibu mambo matatu. Kwa nini linahitajika? Ni taasisi gani, angalau mbili, ambazo kila moja kwa shughuli zake inalihitaji? Na je, litawaathiri vipi wanaotumia yaliyopo? Kisha pendekezo linawekwa hadharani kwa siku zisizopungua 30, yeyote atoe maoni. Likipata muafaka linakwenda kwa kamati tendaji kuidhinishwa.

Yachukueni maswali hayo matatu kama yalivyo. La pili peke yake litapunguza ugomvi wenu kwa kiasi kikubwa, maana halimuulizi mtu ana cheo gani wala anatoka upande gani; linauliza nani mwingine anahitaji kitu hicho. Safu ya baruti, kwa mfano, nadhani itapita bila kikao kirefu. Safu ya rangi ya tanga la mashua, niliyoiona kwenye faili la kwanza, itabaki ya nyumbani, na hakuna ubaya wowote.

Neno linaloachwa nalo lina heshima yake katika Darwin Core. Mwaka 2014 neno la kumtambulisha kiumbe mmoja mmoja lilipopisha lingine, la zamani halikufutwa. Lipo kwenye orodha mpaka sasa, likiwa na maelezo kwamba limeachwa na kwamba badala yake ni lipi. Aliye na faili la mwaka 2010 anaweza kulisoma leo bila kumtafuta mtu. Ninyi mnafuta safu. Acheni kufuta.

Kabla sijafika kwenye kura, niseme neno kuhusu Excel, ile programu ya majedwali mnayoitumia, kwa sababu huenda mkabishana iwapo muiache. Chombo na maana ni vitu viwili. Wanasayansi wanaochunguza vitu kwa miale ya nyutroni na eksirei wana muundo unaoitwa NeXus, ambao kwa kawaida unahifadhiwa ndani ya mafaili ya aina ya HDF5. HDF5 ni chombo, na kina wenyewe wanaokitunza. NeXus ni makubaliano ya nini kinaitwaje na kinapimwa kwa kipimo gani, na hayo ndiyo kamati yao inayoyatunza. Nanyi kamati yenu isimamie maana. Chombo kikiwa Excel leo na kingine kesho si shida, mradi tarehe zimeandikwa mwaka kwanza na Excel haijaachiwa kuzigeuza yenyewe.

Kura. Kamati ya NeXus, inayoitwa NIAC, inachukua wajumbe kutoka kwenye vituo vikubwa vinavyozalisha data hizo, na si kwa kuhesabu nchi. WMO ni tofauti: ni shirika la serikali, na wanachama wake ni nchi na maeneo. Uamuzi wake una nguvu ya serikali nyuma yake, lakini unahitaji wizara, mamlaka na barua za kila upande. Wenzenu wanasema kamati ya nchi mbili. Mkienda kwa njia ya serikali mtakuta mamlaka si mbili bali tatu, kwa sababu uvuvi wa pwani si jambo la Muungano: Bara ina wizara yake, Zanzibar ina yake, na Kenya nayo, pamoja na kaunti. Mabwana samaki wa pande zote waalikeni wasikilize na washauri. Kura, kwa maoni yangu, iwe ya anayebeba gharama badiliko likipita.

Na wanaobeba gharama ni watu wa aina tatu. Kwanza ni vikundi vinavyozalisha data, kila kimoja kura moja, kiwe cha Moa au cha Shimoni. Pili ni yule kijana anayeandika programu ya kuunganisha mafaili, kwa sababu kila safu mpya ni kazi yake ya usiku. Tatu ni makarani wenyewe, wale wanaosimama diko alfajiri na daftari. Kwenye kamati za kimataifa hawa wa tatu huwa hawapo, na inaonekana kwenye matokeo: fomu zenye maswali ambayo hakuna mtu anayeweza kuyajibu huku samaki wanapigwa mnada mbele yake. Wapeni viti viwili, kimoja kila upande wa mpaka. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu najua watakuwa wa kwanza kukatwa nauli ikipungua.

Jambo jingine la viti. Kwa miaka mingi FITS ilikuwa na kamati za kanda zilizopitia mapendekezo kabla ya uamuzi wa mwisho: Ulaya, Amerika Kaskazini, Japani, na Australia pamoja na New Zealand. Afrika haikuwa na ya kwake, ingawa Afrika Kusini ina darubini kubwa. Hakuna aliyeifungia mlango. Wengine walifika mapema wakakaa. Kwa hiyo unaponiambia mnaogopa kunyang'anywa, jibu langu ni kwamba anayelianzisha jedwali na kuliitia kamati mwenyewe ndiye anayeandika kanuni za kwanza. Anayengoja mpaka jedwali liwe na watumiaji kumi atapewa kanuni zilizoandikwa na wengine. Andikeni kwenye ukurasa wa kwanza kwamba jedwali lilitungwa Tanga, mwaka gani, na vikundi gani. Haki yenu ya kutambuliwa itakuwa hapo. Haki ya kubadili safu peke yenu muiache; mkiing'ang'ania, wenzenu watatunga la kwao, na hapo ndipo mtakapolipoteza kweli.

Katika kuamua, tafuteni muafaka kwanza, na kura iwe njia ya mwisho kwa theluthi mbili. Lakini kitu kimoja kisipigiwe kura kabisa: kubadili maana ya safu ambayo tayari ina data. Hiyo ni kama kuhamisha boya la mlango wa bandari wakati vyombo viko njiani kurudi. Mkitaka maana mpya, tengenezeni safu mpya kwa jina jipya.

Wajumbe wako wataniuliza: nani atawalazimisha watu wafuate? Kamati haina polisi, hata zile kubwa. Nguvu yake inatoka kwenye lango fulani ambalo kila mtu anataka kulipita. Wataalamu wa fuwele (kristali) walitunga muundo wao wa data, CIF, mwaka 1991, na kamati ya umoja wao wa kimataifa inatunza kamusi zake. Ulienea kwa sababu majarida ya umoja huo yaliutaka kwa anayetaka kuchapisha muundo wa fuwele mpya, na kuna programu inayolikagua faili na kumwonyesha mwandishi kasoro zake kabla mhariri hajaliona. Darwin Core nayo ina lango: data zikifuata maneno yake zinaweza kuingia GBIF, hazina ya kimataifa ya taarifa za viumbe yenye rekodi zaidi ya bilioni 2, na OBIS, hazina ya viumbe wa bahari iliyo chini ya UNESCO. Ninyi lango mnalo tayari, ile ripoti ya pamoja ya kila mwezi. Faili lisilopita ukaguzi lisiingie kwenye ripoti, na karani aambiwe mstari gani una shida na shida ni nini, siku hiyohiyo. Ukaguzi usiomwambia mtu cha kufanya utawakimbiza.

Kwa kuwa nimezitaja hazina hizo: safu zenu za pamoja msizitunge upya pale ambapo Darwin Core tayari inazo. Tarehe, mahali, kipimo cha kutokuwa na uhakika wa mahali, jina la kisayansi, vyote vipo. Hata kiasi. Jedwali lenu linachanganya kilo, ndoo, tenga na mafungu kwenye safu moja. Darwin Core ina safu mbili zinazokwenda pamoja, moja ya kiasi na moja ya aina ya kiasi hicho, kwa hiyo 3 inaweza kukaa karibu na "tenga" bila kumdanganya mtu. Hapa nchini kituo cha kuwasaidia kipo, TanBIF, mshirika wa GBIF, ndani ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Majina ya samaki nayo yatunzwe kwa safu mbili. Karani wa Tongoni anaandika tasi, wa Shimoni anaandika tafi, samaki ni walewale. Msimlazimishe mmoja afuate mwingine. Safu ya kwanza ibebe jina kama lilivyosikika diko, na haiguswi milele. Ya pili ibebe jina la kisayansi, ambalo mtaalamu anaweza kulisahihisha baadaye. Majina ya kisayansi nayo yanahama. Ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka Ulaya, lilipewa jina Saintpaulia ionantha mwaka 1893. Leo wataalamu wanaliita Streptocarpus ionanthus. Lebo zote za zamani bado zinasomeka kwa sababu hakuna aliyekwenda kuzifuta na kuandika jina jipya juu yake. Na orodha yenu ya kuchagua samaki iwe na nafasi ya asiyekuwemo. Silikanti, samaki wa nadra wa kina kirefu, alipoanza kunaswa kwenye nyavu za Tanga mwanzoni mwa miaka ya 2000, hakuwa samaki wa kila siku sokoni. Simu yenye orodha iliyofungwa ingemlazimisha karani amwite chewa ili fomu ikubali kutumwa, na samaki ambaye ndiye chanzo cha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, angepita diko bila kuonekana.

Mafaili ya nyuma, basi. Msiyarekebishe. Nakilini yote kama yalivyo, na makosa yake, yafungwe yasiandikike tena, yaitwe toleo la 0. Kisha fanyeni kazi kwenye nakala nyingine, na humo pia safu ya zamani ya saa ibaki ilivyo. Pembeni yake ongezeni safu mbili: moja ya saa kwa hesabu ya kimataifa, na moja inayosema mmejuaje, kwa mfano "imeandikwa na simu", "karani amethibitisha" au "imekadiriwa". Pale ambapo 2:00 haijulikani ni ya asubuhi au ya usiku, mwulizeni aliyeandika. Kama hakumbuki, wekeni alama ya kutojulikana na mwendelee. Mstari wenye alama hiyo bado una samaki wake, uzito wake na diko lake. Tarehe za safari za usiku zifanyieni vivyo hivyo, kwa kuandika tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi kila moja mahali pake. Kuanzia hapo kila faili lianze na mstari unaotaja ni la toleo gani la jedwali.

Kikao cha kwanza kiwe na ajenda mbili tu, safu ya saa na safu ya tarehe ya usiku. Leteni makarani wawili kutoka kila upande, waje na madaftari yao ya karatasi, si mafaili ya kompyuta. Wasomewe mistari ya mwezi mmoja, mmoja baada ya mwingine, na kila karani aseme alipoandika vile alikuwa na maana gani. Mmoja wenu aandike majibu yao neno kwa neno. Maandishi hayo ndiyo yatakuwa ukurasa wa kwanza wa kamusi ya jedwali. Jina la kamati, nembo na katiba vingoje kikao cha tatu.